UZI: Dawa imeua mchaichai, mchicha uko salama. Inajuaje?

BintiMtopanga:
Hamjambo wana jukwaa. Naomba wanaojua mimea wanisaidie, na mnieleze kwa Kiswahili cha kueleweka.

Jirani yetu hapa Mtopanga ana kijishamba cha mchicha na sukuma wiki, anapeleka soko la Kongowea. Ukoka ulimzidi nguvu, akaenda agroveti akapewa dawa ya magugu aliyoambiwa "inachagua", yaani inaua nyasi na kuacha mboga. Na kweli, ukoka umekwenda na mchicha umesimama vile vile. Tatizo ni upepo. Siku hiyo kusi ilikuwa inavuma kuja kwetu, na mchaichai wa mama mkwe uko uani karibu na ua wa makuti. Mchaichai umekufa wote. Muhogo ulio kando yake, mzima. Mpapai, mzima. Mnazi mchanga, mzima. Na ndago, hii tunayoilaani kila masika, ndiyo kwanza inanawiri.

Mama mkwe anasema tumefanyiwa makusudi. Mimi sitaki ugomvi wa majirani, nataka kujua dawa imemjuaje mchaichai. Halafu haukuungua. Majani ya zamani yalibaki kijani siku nyingi tu, huku katikati kumeshaoza. Ukivuta jani la kati linachomoka bila nguvu, chini yake kahawia, laini, na lina harufu mbaya.

KijanaLikoni:
Pole sana dada. Mpe mama pole pia. Nafuatilia uzi.

MzeeWaMwakirunge:
Mchaichai ni nyasi, binti yangu. Ukoo mmoja na mahindi, mpunga, mtama, miwa, mianzi. Tazama kiambato kwenye lebo. Jina likiishia na fop au dim, hiyo ni dawa ya nyasi tupu, na mchaichai haiuachi. Jirani hana makosa ya makusudi, ana makosa ya kupiga dawa kwenye upepo.

BintiMtopanga:
Ahsante mzee wangu. Nimeomba chupa nikaisoma, ni fluazifopu, kwa hiyo umelenga. Lakini "ni nyasi" bado hainitoshi. Mnazi nao jani lake lina mistari inayokwenda sambamba kama la nyasi. Ndago sote twaiita nyasi. Mbona hizo zimepona?

MaabaraMvita:
Dada, mzee kasema kweli. Mimi naongeza sababu.

Fluazifopu haiangalii sura ya jani. Inatafuta kimeng'enya kimoja tu, yaani protini inayoendesha kazi ya kikemia ndani ya seli. Kinaitwa asetili-KoA kaboksilesi, tukiite ACC tusichoke. ACC ndiyo inayoanzisha utengenezaji wa mafuta ndani ya jani. Inachukua kipande cha kaboni mbili, inakibandika kaboni ya tatu kutoka kwenye bayokaboneti, inalipa gharama ya ATP (sarafu ya nguvu ndani ya seli), na kinachotoka ni malonili-KoA. Pasipo malonili hakuna asidi ya mafuta inayoweza kujengwa. Na kwa mimea kazi hii kubwa hufanyika ndani ya plastidi, ambayo kwenye jani ni kloroplasti, kile kile chombo kinachonasa mwanga wa jua.

Sasa sikia tofauti. Mimea mingi ina ACC za aina mbili. Moja iko ndani ya kloroplasti, ina muundo wa kibakteria, vipande kadhaa vya protini vinavyofanya kazi pamoja. Nyingine iko nje ya kloroplasti na ni protini moja ndefu. Ukoo wa nyasi ulipoteza ile ya kibakteria, na ndani ya kloroplasti zake ikakaa protini ndefu. Fop na dim zinanasa hiyo protini ndefu ya kloroplasti ya nyasi. Ile ya vipande vipande haziwezi kuishika. Mchicha, muhogo na mpapai zinayo ya vipande, kwa hiyo dawa inaingia kwenye jani, inazunguka, haipati pa kushika.

Mnazi ni jamii ya michikichi, si nyasi, jani la mistari au lisilo la mistari. Wenye mashamba ya minazi na michikichi wanatumia dawa za jamii hii kuondoa nyasi chini ya miti. Ndago nayo ni ukoo wake mbali. Kata bua lake ulizungushe kati ya vidole, utasikia pembe tatu. Ukoka ukiuzungusha ni duara. Anayeuza dawa akikwambia fluazifopu itamaliza ndago, muage kwa adabu uondoke.

Na hili si jambo la kubahatisha. Dawa za jamii ya fop ziliingia sokoni miaka ya 1970 bila wenyewe kujua hasa zinaua vipi. Ilipofika 1987 ndipo ACC ikatajwa kuwa ndiyo inayoshambuliwa. Miaka ya 1990 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba karibu mimea yote ina aina zote mbili za ACC isipokuwa ukoo wa nyasi. Hapo ndipo fumbo lako la mchaichai na mnazi lilipofumbuliwa, miaka kadhaa baada ya wakulima kulizoea shambani.

KijanaLikoni:
Ngoja kwanza maalim. Mafuta gani kwenye ukoka? Nimekula mchicha tangu utotoni, mama anautia nazi ndiyo upate mafuta. Wewe unasema jani lina kiwanda cha mafuta na likikosa linakufa? Hapo sijakuelewa.

MaabaraMvita:
Haki yako kuuliza. Mchicha mbichi gramu 100 una mafuta kama gramu 0.3 tu, ukiukamua hutapata hata tone. Lakini ni maji zaidi ya tisa kwa kumi. Ukilikausha jani, mafuta yanafika karibu asilimia 4 ya kilichobaki. Na hayo si mafuta ya akiba kama ya nazi au korosho. Karibu yote ni utando.

Kila seli imezungushiwa utando, na ndani ya kila kloroplasti kuna tando zimepangana rundo kwa rundo, ndizo zinazobeba klorofili. Tando hizo zimejengwa hasa kwa mafuta yaliyoshikishwa sukari ya galaktosi, na mafuta hayo yamejaa asidi linoleniki, yenye kaboni 18 na viungo pacha vitatu, yaani mahali patatu ambapo kaboni mbili zimeshikana mara mbili. Kwenye majani mengi linoleniki peke yake ni nusu au zaidi ya asidi zote za mafuta. Kijani chote unachokiona kimekaa juu ya mafuta.

Ujenzi wenyewe unakwenda hivi. Umewaona akina mama Mji wa Kale wanavyotunga asumini? Mkono mmoja unashika uzi, mwingine unaongeza maua. Asidi ya mafuta inatungwa vivyo hivyo, ila kila mzunguko zinaongezwa kaboni mbili mbili. Malonili inaleta tatu, moja inatoka kama hewa ya ukaa, mbili zinabaki kwenye mnyororo. Unaanza na mbili, nne, sita, mpaka 16 au 18, halafu mnyororo unakatwa na kupelekwa kunakojengwa utando. Fluazifopu haigusi mkono unaotunga. Inazuia maua yasifike.

Ndiyo maana dada aliona majani ya zamani yamebaki kijani. Jani lililokwisha kukomaa lina tando zake tayari, linahitaji matengenezo kidogo tu. Seli changa ndizo zinazogawanyika kila wakati, na kila seli mpya inataka utando mpya mzima. Dawa ikiingia kwenye jani inasafiri na sukari kwenye mirija mpaka panapokua. Kwa nyasi hapo ni chini kabisa, ndani ya shina, jani linapoanzia. Ukuaji unasimama baada ya siku moja mbili, lakini macho hayaoni. Baada ya wiki hivi kitovu kinaoza. Mmea wote kufa ni wiki mbili mpaka nne. Watu wengi wanakosa subira hapo, wanarudia dawa siku ya tano wakidhani haikushika. Hasara tupu.

MzeeWaMwakirunge:
Hilo la subira nalikubali kwa mikono miwili. Na kiangazi je? Mimi nimewahi kuona imepigwa wakati wa jua kali la Januari, nyasi zimenyauka nusu nusu, haikufanya kitu.

MaabaraMvita:
Ndiyo mzee. Nyasi yenye kiu haikui, na isiyokua haihitaji mafuta mapya, kwa hiyo kuifungia mafuta ni kama hujaifanya kitu. Halafu jani la kiangazi linaweka nta nene juu, dawa inapita kwa shida. Ndiyo maana dawa hizi hutengenezwa zikiwa esta, ambayo inapenya nta kwa urahisi, ikifika ndani mmea wenyewe unaigeuza kuwa asidi, na asidi ndiyo inayoua. Na ukichanganya kwenye bomba moja na 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana, ili uue vyote kwa mpigo mmoja, nguvu ya fop juu ya nyasi inapungua. Vijana wengi wa kupiga dawa wanachanganya kuokoa muda, halafu lawama inakwenda kwa duka.

MwalimuWaTudor:
Nimefurahi kuona uzi wa namna hii. Mimi nafundisha kemia sekondari. Swali langu: tukisema dawa "imezuia mafuta", imepimwaje? Kwa sababu chochote kinachoudhuru mmea kitapunguza mafuta yake. Ukilitia jani kwenye maji ya moto mafuta hayatengenezwi, lakini hatuwezi kuita maji ya moto kizuizi cha mafuta.

MaabaraMvita:
Mwalimu, hapo umegusa penyewe. Hilo ndilo kosa kubwa kwenye maandishi mengi ya mambo haya.

Njia ya zamani na bado inaheshimiwa ni ya vidonge vya jani. Unachukua kitoboleo cha chuma, unakata viduara vya jani sawa sawa, unavieleza kwenye maji yenye asetati iliyotiwa kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi, unawasha taa. Jani linaivuta asetati na kuitumia kujenga asidi za mafuta. Baada ya muda unasaga vidonge, unatoa mafuta kwa klorofomu na methanoli, unayatenganisha kwenye sahani ya silika. Ukiingiza sahani kwenye chombo chenye mvuke wa ayodini, madoa yanatokea ya manjano na kahawia, kila aina ya mafuta na mahali pake, na ule ukijani wa klorofili umekimbilia juu. Halafu unapima mionzi ya kila doa. Doa lenye mionzi ni mafuta yaliyojengwa wakati wa jaribio. Yaliyokuwepo zamani hayana mionzi. Ukitia kizuizi, unaona doa gani limekosa.

Ujanja wa kujua kama kizuizi ni cha moja kwa moja ni kulinganisha. Chukua diuroni, dawa inayokata usanisinuru. Vidonge vya jani vikipewa diuroni, utengenezaji wa mafuta unashuka vibaya. Je, diuroni ni kizuizi cha mafuta? Hapana. Kila kaboni mbili zinazoongezwa zinataka ATP moja ya kutengeneza malonili na jozi mbili za elektroni, na kloroplasti inapata hivyo kutoka kwenye mwanga. Hata bila dawa yoyote, ukizima taa jani linatengeneza mafuta kidogo sana kuliko kwenye mwanga. Kwa hiyo diuroni imezima taa kwa njia nyingine. Fop unaijua kwa sababu unaweza kutoa ACC yenyewe kwenye jani, ukaiweka kwenye chupa bila kloroplasti wala taa, na bado fop inaizuia. Ya mchicha unaiweka kwenye chupa pembeni, inaendelea na kazi yake.

Kwa wanafunzi wako, mwalimu, kaboni-14 sahau. Lakini sahani ya silika na ayodini inawezekana kabisa, mradi klorofomu ishikwe na mwalimu, madirisha yawe wazi.

MwalimuWaTudor:
Ahsante. Na ule mkono unaotunga asumini, nao una kizuizi chake?

MaabaraMvita:
Unacho. Kinaitwa serulenini, kimetoka kwenye kuvu, na kiligunduliwa Japani. Muundo wake ulifumbuliwa miaka ya 1960 katika kazi ya Satoshi Ōmura, ambaye baadaye alipata Nobel ya 2015 kwa kazi nyingine kabisa, ile iliyotupa dawa ya minyoo ya ivermektini. Serulenini inakishika kimeng'enya kinachounga kaboni mbili kwenye mnyororo na haikiachii tena. Haichagui nyasi wala mboga, kwa sababu mkono huo unafanana kwa viumbe vingi. Kwa hiyo ni chombo cha maabara, haiuzwi agroveti.

Mwisho wa mnyororo nako kuna mlango. Kuna kimeng'enya kinachokata asidi ya mafuta kutoka kwa protini inayoibeba ili itoke nje ya kloroplasti. Sinmethilini, dawa ya magugu ya miaka ya 1980, ilikuwa haijulikani inafanya nini mpaka 2018 ilipoonyeshwa kwamba inafunga mlango huo. Dawa imeuzwa miongo mitatu ndipo watu wakajua inaua vipi!

Lakini aina ninayoipenda mimi ni ile isiyoua. Kuna kemikali za jamii ya piridazinoni, mojawapo ikiitwa kwa namba tu, BASF 13-338. Hii haizuii jani kutengeneza mafuta. Inazuia hatua ya mwisho, kugeuza linoleiki yenye viungo pacha viwili kuwa linoleniki yenye vitatu. Jumla ya mafuta inabaki pale pale, ila linoleniki inapungua na linoleiki inalundikana. Mwaka 1977 ilijaribiwa kwenye ngano ya nchi za baridi. Kwa kawaida ngano hiyo ikizoeshwa baridi, mizizi yake inaongeza linoleniki. Iliyopewa kemikali haikuongeza, na ilishindwa kujizoesha kuhimili barafu. Ukisoma hapo unasema, haya basi, linoleniki ndiyo kinga ya baridi.

Mimi sikubali haraka hivyo, kwa sababu hiyo hiyo mwalimu aliyoisema. Kemikali inaweza kugusa mambo mawili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliona afadhali watafute mimea ya Arabidopsis, kimea kidogo cha majaribio ya maabara, yenye kasoro ya kurithi kwenye hatua hizo hizo za kuongeza viungo pacha. Kasoro ya jeni moja inaaminika zaidi kuliko kemikali. Kizuizi kina faida ya kuweza kukitia leo na kukitoa kesho, na kwenye mmea wowote. Nikiwa na vyote viwili navitumia vyote, nikiwa na kemikali peke yake napunguza maneno.

BintiMtopanga:
Maalim kidogo tumeanza kuachana njiani hapo kwa piridazinoni, lakini endelea. Nina lingine. Sukuma wiki ya jirani haikufa ila majani yake yale yenye unga unga mweupe mengine yamepoteza huo unga, maji yanalowa badala ya kuteleza. Ni dawa hiyo hiyo?

MaabaraMvita:
Unga huo ni nta, nayo ni mtoto wa mafuta. Asidi za kaboni 18 zikitoka kwenye kloroplasti, nyingine zinarefushwa nje, mbili mbili tena, mpaka zifike 26, 28, 30 na kuendelea, kisha zinageuzwa kuwa nta. Kwenye kabichi na sukuma wiki nta kubwa ni nonakosani, mnyororo wa kaboni 29. Pitisha kidole kwenye jani la sukuma wiki kisha ulimwagie maji. Penye alama ya kidole maji yanatandaa, pembeni yanabingirika.

Fluazifopu sidhani kama ndiyo iliyofanya hivyo. Kwanza muulize jirani kama alitia sabuni au mafuta ya kuchanganyia kwenye bomba, maana hivyo peke yake vinavuruga nta iliyokwisha kuwekwa. Au mtu kaosha majani. Lakini zipo dawa zinazozuia nta yenyewe isitengenezwe. Dawa za zamani za jamii ya thiokabameti, kama EPTC, zilionyeshwa tangu miaka ya 1960 kwamba kabichi iliyozipata inatoa majani yenye nta pungufu na inapoteza maji zaidi. Hizo zinagusa kule kwenye kurefusha, si kwenye ACC.

MuuguziChangamwe:
Samahani naingilia. Sisi binadamu nasi tunatengeneza mafuta mwilini. Sasa hizi dawa tukizila kwenye mchicha?

MaabaraMvita:
Dada muuguzi, nasi tuna ACC, na ni ya protini ndefu kama ya nyasi, ingawa si ile ile. Fop zimechaguliwa kwa kuwa zinaishika ya kloroplasti ya nyasi kwa nguvu kuliko ya mnyama, lakini hiyo haifanyi dawa kuwa maji ya kunywa. Kinachomlinda mlaji ni lebo. Imeandikwa mazao yanayoruhusiwa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mchicha unavunwa wiki tatu au nne tu tangu kupandwa, kwa hiyo siku hizo zinakula karibu maisha yake yote. Na kama mchicha haumo kwenye orodha ya lebo, hakuna wa kukuambia usubiri siku ngapi. Kwa maoni yangu kitalu cha mchicha cha kupeleka Kongowea si mahali pa dawa ya magugu hata kidogo. Ukoka ung'olewe kabla ya kupanda, mizizi yote, palilia kwa mkono, basi.

Halafu kwa kuwa wewe ni wa hospitali, hili utalipenda. Kimelea cha malaria kina plastidi. Ndiyo, kimelea hicho hicho tunachokipima kwenye damu kina chombo kilichotokana na mwani wa kale, na ndani yake kuna kiwanda cha asidi za mafuta cha kibakteria kama cha kwenye jani. Mwaka 1998 thiolaktomisini, ambayo inazuia mkono ule ule wa kutunga, ilionyeshwa inasimamisha ukuaji wa Plasmodium falciparum. Mwaka 1999 ikaonekana fop inazuia ACC ya Toxoplasma, binamu yake. Dawa ya ukoka na kimelea cha paka, fikiria! Watu wakachangamka sana kutafuta dawa ya malaria humo.

MuuguziChangamwe:
Subhanallah. Ikawaje? Maana mpaka leo tunatoa dawa za mchanganyiko wa artemisini.

MaabaraMvita:
Ikapoa. Kati ya 2008 na 2009 ikaonekana kwamba vimelea vilivyoondolewa jeni za kiwanda hicho vinaendelea kuishi kwenye damu bila shida. Vinakihitaji vikiwa kwenye ini. Mgonjwa anakuja kwako wakati vimelea vimeshahamia kwenye damu, kwa hiyo dawa ya namna hiyo haimsaidii wakati huo.

KijanaLikoni:
Nimesoma uzi wote. Sasa mimi nawaza kibiashara. Kama kuna vitu vinazuia mafuta, si kuna cha kuzuia hivyo vizuizi? Jani litoe mafuta tukaange samaki. Bei ya mafuta ya kupikia mnaijua.

MaabaraMvita:
Unacheka lakini umeuliza jambo ambalo maabara kubwa zinalifanyia kazi. Jani lina breki yake lenyewe. Asidi za mafuta zilizokamilika zikilundikana, hasa oleiki ikiwa bado imeshikwa na protini inayoibeba, ACC inapunguza mwendo. Hilo lilionyeshwa 2012. Kwa hiyo kizuizi cha kwanza cha mafuta ya jani ni mafuta yenyewe. Baadaye zikagunduliwa protini zinazofanana na kipande kimoja cha ACC lakini hazifanyi kazi yake. Zinakaa mahali pake na kuifunga ACC. Mmea unajizuia wenyewe.

Waliofika mbali ni Waustralia wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya serikali yao. Mwaka 2014 walitangaza tumbaku iliyowekewa jeni za kusukuma utengenezaji, za kupakia mafuta na za kuyalinda yasivunjwe, na majani yake yakawa na mafuta ya akiba zaidi ya asilimia 15 ya uzito mkavu. Jani la kawaida la tumbaku halifiki hata asilimia 1. Lakini hawakutumia dawa ya kupuliza. Kuachia breki kwa kemikali ni kazi ngumu, kwa sababu jani likijaziwa mafuta linayachoma. Samaki wako endelea kuwakaanga kwa mafuta ya dukani.

KijanaLikoni:
Sawa shehe. Nitarudi na wazo lingine la biashara.

MzeeWaMwakirunge:
Mimi nataka kusemea usugu. Jirani wa binti asije akanogewa akapiga kila msimu.

MaabaraMvita:
Kweli mzee. ACC ya nyasi ni protini ndefu, na kubadilika kwa asidi amino moja tu kunatosha. Penye isolusini mahali pa 1781 pakikaa lusini, fop nyingi na baadhi ya dim hazishiki vizuri tena, na mafuta yanaendelea kutengenezwa kama kawaida. Nyasi kama hiyo inakuwepo shambani tangu mwanzo, moja kati ya nyingi mno. Dawa inaua wenzake, yenyewe inazaa. Australia waliripoti nyasi sugu kwa diklofopu mwaka 1982, dawa haijamaliza hata miaka kumi sokoni. Na wapo waliozaliwa sugu: nyasi moja ya bustani za baridi, Festuca rubra, inapigwa setoksidimu na haitikisiki, kwa sababu ACC yake kwa asili haishikiki.

MkulimaMiritini:
Nimechelewa kufika. Mimi nina mahindi na nyasi zimeota humo humo katikati ya mistari. Hiyo fluazifopu nikiipiga taratibu, chini chini, bila kugusa mahindi, si itafaa? Agroveti wananiambia nipunguze kipimo tu.

MzeeWaMwakirunge:
Usithubutu!

MaabaraMvita:
Ndugu, mahindi ni nyasi. ACC yake ni ile ile, na tone likigusa jani la chini linasafiri mpaka kitovu. Kipimo nusu kitakupa mahindi yaliyodumaa na nyasi zilizopona, hasara mbili kwa pesa yako mwenyewe.

Kwa mahindi kuna dawa nyingine inayogusa mafuta, S-metolaklori. Yenyewe haishiki ACC. Inazuia kule kwenye kurefusha, minyororo ya kaboni 20 na zaidi, ile ya nta na ya baadhi ya tando. Inapigwa kwenye udongo wenye unyevu kabla nyasi hazijachomoza. Mche wa nyasi unaota, lakini jani linakunjamana ndani ya ala yake na halifunguki. Mahindi yanapona kwa sababu yanaishika dawa haraka kwa glutathioni, kemikali iliyomo kwenye mmea wenyewe, na kuiharibu. Mtama hauwezi hivyo vizuri, ndiyo maana mbegu yake hupakwa kinga maalumu kwanza. Na nyasi zako zimeshachomoza, kwa hiyo hata hiyo msimu huu imekupita.

MkulimaMiritini:
Kwa hiyo?

MzeeWaMwakirunge:
Kwa hiyo jembe. Ukikosa vibarua nipigie inbox, nina vijana wawili hapa Mwakirunge hawana kazi mpaka wiki ijayo.

BintiMtopanga:
Mzee nami nipe mmoja wa kuja kung'oa ndago. Na mwenye shina la mchaichai la kupanda upande wa Kisauni naomba aniandikie, nitalifuata mwenyewe.